Kumpiga Picha Yangeyange Asiungue

Nyinyi wasichana wawili mnaoanza studio baada ya sikukuu, kitu cha kwanza nnachotaka mkijue ni kuwa kamera haijui nyeupe ni nini. Haijui kabisa. Ukiielekeza kwenye ndege mweupe inashtuka, ukiielekeza kwenye maji meusi inashtuka vilevile, na kila ikishtuka inataka kuifanya dunia nzima iwe rangi ya majivu. Mengine yote ntakayoandika yanatoka hapo. Kama mna haraka niliyokuwa nayo mie, someni hayo tu mwende zenu. Lakini mtarudi. Mie nlirudi.

Msicheke kuwa nnajiita mstaafu. Nina miaka ishirini na tisa na meno yangu yote yamo kinywani. Ni mgongo uliostaafu, mie nimeufuata tu. Daktari kauliza unabeba nini, nkamwonyesha mkoba wa kamera na mataa na vile vyuma vya kusimamishia. Kaunyanyua kwa mkono mmoja, kauweka chini, kasema, "Huu hapana tena." Basi. Nimeingia harusi za Mjini na za shamba mpaka sizikumbuki, upande wa wanawake, ambako mpiga picha mwanamme haingii, na ndiyo sababu kazi hii inatutaka sisi. Mtasimama juu ya kiti mnampiga biharusi, huku mashangazi wanakuvuteni nguo mshuke, mnawaziba. Hayo hayana somo, ni kuzoea tu.

Somo ni weupe, na mimi sikulipata harusini. Nlilipata Uroa, kwa ndege mmoja mweupe.

Sasa sikilizeni namna mkono unavyoharibika. Hapa kwetu kila mtu anataka ang'arishwe. Biharusi anakwambia, "Ning'arishe, lakini usinifanye mzungu." Mama yake anakuvuta pembeni anakunong'oneza, "Mng'arishe sana." Wewe unafanya nini? Unazungusha kile kigurudumu cha mwangaza kwenda juu mpaka uso upendeze. Leo unazungusha, kesho unazungusha, mwisho kidole gumba kinajizungushia chenyewe, wewe hukukiambia kitu. Shela linaungua, linakuwa jeupe tupu kama karatasi, darizi yote imepotea, na hakuna anayeuliza darizi. Wanaangalia uso. Watu wa nchi nyengine wanaoanza kupiga ndege nadhani wana makosa yao. Letu sisi ni hili: tunakwenda baharini na mkono wa harusini.

Bi Rukia, mwenye studio, mtamjua. Yeye kajifunza enzi za mkanda, ukikosea umekosea, na picha huioni mpaka imesafishwa. Hagombi. Anaitazama picha yako, halafu anakutazama wewe, halafu tena picha. Ungetamani agombe.

Haya. Mwaka mmoja kabla mgongo haujanikataa, alinipigia simu Asha. Asha nlimpigia harusi yake, kaolewa Dar es Salaam. Mama yake ni Bi Mize, mkulima wa mwani wa Uroa. Kaniambia mama magoti yamechoka, anaacha bahari, anahamia kwake.

"Hataki kuagwa, hataki zawadi," Asha kasema. "Kataka picha moja tu. Yeye na ndege wake."

"Ndege gani?"

"Kuna yangeyange anamfuata kwenye mwani. Nenda utamwona. Mie nnakuja kumchukua, Jumamosi tunapanda boti."

Nkasema rahisi. Picha moja, mtu mmoja, ndege mmoja, hakuna shangazi wa kunivuta nguo. Nlijua ntakwenda asubuhi na Adhuhuri nishakuwa Mjini.

Nlifika Uroa maji yanatoka. Wanawake walikwishaingia, wameinama kwenye kamba zao, mwani unaning'inia mafungu mafungu, na baina yao anapita yangeyange mmoja mweupe pee. Anainua mguu, anafikiri, anautua. Anainua wa pili.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha? Mbona mdogo."

"Kamera ndiyo kubwa, Bi Mize."

"Haya. Usinipige kichwa wazi. Na usimtishe Mkaguzi."

"Mkaguzi nani?"

Kanijibu mwanamke wa kamba ya pili, Bi Time, bila kuinua mgongo: "Si huyo. Anapita kwenye kamba za watu polepole, haamkii, hasemi neno, na akiondoka haondoki mdomo mtupu. Wewe ungemwita nani?"

Nlisimama pale pwani pakavu, na viatu vyangu, kwa sababu kamera nzuri ya studio ni moja na maji ya chumvi ni adui yake. Jua lilikuwa mbele yangu. Uso wa Bi Mize ukatoka mweusi, gumba likafanya kazi yake, likazungusha juu, uso ukaja. Nkapiga. Nkaridhika. Sikuangalia hata ndege katokaje, ndege ni ndege. Jioni nlikuwa na harusi Ng'ambo, nkaikimbilia. Asubuhi yake nkaisafisha picha kubwa, nkaitia fremu, nkarudi Uroa nayo mapema niimalize kazi.

Bi Mize kajifuta mikono kwenye kanga, kaipokea.

"Huyu mie. Nimependeza, kama nshafika Dar es Salaam. Na hiki?"

"Mkaguzi."

Kaisogeza mbali, kaileta karibu, kaigeuza kidogo kama mtu anayeangalia samaki kama kaoza. "Mwanangu, huu ni mfuko."

Bi Time kaja, kachungulia. "Mfuko kweli. Ile ya plastiki waliyoipiga marufuku. Kumbe umebaki mmoja, umemnasa Mize mguuni."

Yeye na wenziwe wa kamba za jirani wakacheka mpaka wakashika viuno. Na mie nkacheka ili wamalize. Lakini nlipoitazama picha, nkaona kweli hapana ndege pale. Pana tundu jeupe lenye umbo la ndege, kama mtu kakata picha kwa mkasi ukuta ukaonekana. Hapana unyoya, hapana jicho, na mdomo umeyayukia hewani.

Bi Mize hakucheka. Kanirudishia fremu kwa adabu. "Sura yangu Asha anayo kwenye simu, tele. Mie huko nnakwenda kukaa ghorofani. Huyu sitamwona tena. Nlitaka niwe nnamwona."

Basi wanangu, nimepiga maharusi wangapi, hakuna neno lililonikaa kifuani kama lile. Siku zilizobaki zilikuwa kidogo, na mie nlikuwa nimeshapoteza moja kwa mfuko.

Jioni ile nkamwekea Bi Rukia picha mezani. Kaitazama. Kanitazama.

"Umepiga biharusi," kasema.

Kaingia ndani, karudi na beseni la buluu lenye maji. Katikati ya maji kafudikiza bakuli, juu ya bakuli kaweka kofia ya mumewe, ile ya kiua, ya kushonwa kwa mkono, yenye vitundu vidogo vidogo kama vya sindano. Kasema, "Piga mpaka nizione tundu zote."

Msidhani ni mchezo. Nendeni mkajaribu leo, kabla hamjagusa ndege wala shela. Kofia nyeupe, beseni la rangi iliyokoza, karibu na dirisha. Nlipiga kama kamera inavyotaka yenyewe: kofia imeungua, tundu hazipo. Kwa nini? Kwa sababu kofia ndogo na maji mengi meusi. Kamera inapima vyote pamoja, inasema, masikini, hapa pana kiza, ngoja niongeze mwanga. Inayasaidia maji, inaiunguza kofia. Hapo wewe unapunguza. Sio kidogo, unapunguza mpaka uhisi unakosea.

Halafu Bi Rukia kanisogeza, kofia ikajaa picha nzima. Nkapunguza kama nlivyofundishwa, nkajiona nshafuzu. Kofia ikatoka chafu, kama haijafuliwa tangu Idi iliyopita. Maana sasa kamera imeona nyeupe tupu, inasema, hapa mwanga umezidi, inapunguza yenyewe. Na mie nimepunguza juu yake. Hapo unatakiwa uongeze. Kofia ileile, dirisha lilelile, na jawabu limegeuka.

"Sasa nijue vipi?" nkauliza. Nlikuwa nshaanza kukasirika. "Mara punguza, mara ongeza."

"Usiipe kamera ruhusa ya kuamua. Pima weupe wenyewe, peke yake, halafu ongeza pole pole mpaka ianze kukupepesea."

Kupepesa mtakuona kwenye kamera yetu. Ukiwasha ile alama, kila palipoungua panawaka na kuzima kwenye kioo, kama jicho la mtu mwenye usingizi. Pakianza kupepesa kwenye weupe, rudi hatua moja nyuma. Hapo ndipo. Ukishapapata, funga, usiguse tena, hata maji yakibadilika rangi, hata ndege akisogea penye mwani mweusi. Mwanga wa jua haujabadilika, kilichobadilika ni kilichomo ndani ya picha tu, na kamera ndiyo inayobabaika.

Katikati ya somo Mzee Haji, mume wa Bi Rukia, kaita kutoka ndani, "Rukia, kofia yangu iko wapi?"

"Inapigwa picha."

"Nnakwenda maulidini."

"Vaa ile nyengine."

Halafu sauti yake ikatoka taratibu: "Hiyo ndiyo nyengine. Ya kwanza nimeikuta imo kwenye ndoo."

Kumbe Bi Rukia alipoingia ndani kajaribu kwanza yeye mwenyewe, kwenye ndoo, ili asije akanifundisha uongo. Mtu aliyeshika kamera tangu hatujazaliwa. Hilo nlilijua baadae sana.

Nikuambieni na la shakwe, nisije nikasahau, ingawa lilitokea baada ya haya. Kuna siku nlipita Matemwe, maji yamekauka, kuna fungu la mchanga limejaa shakwe weupe, wamesongamana bega kwa bega, na mchanga wenyewe mweupe na maji juu yake kama kioo. Picha nzima nyeupe. Mwenzangu mmoja tulokuwa naye, mpiga picha wa mahoteli, kasikia kwangu kuwa ndege weupe unapunguza. Kapunguza. Wakatoka shakwe wa saruji. Kanilaumu mimi siku nzima. Nkamwambia nlikupa nusu ya somo, nusu ya pili ilikuwa kwenye beseni. Mkiona weupe umejaa, ongezeni. Weupe ukiwa mdogo kwenye kiza, punguzeni. Mkisahau yote mawili, tafuteni kofia.

Turudi Uroa.

Asubuhi iliyofuata nlikwenda na elimu yangu ya beseni. Nlipima weupe, nkafunga. Mkaguzi hakuungua. Lakini nlikuwa nimesimama palepale pakavu, na jua la asubuhi upande ule linatoka baharini, nyuma ya ndege. Kwa hivyo kingo zake ziliwaka uzi mwembamba, na upande ulionielekea mie ulikuwa majivu matupu. Bi Mize ndiyo kabisa, kawa kivuli. Nkiongeza, ndege anaungua. Nkipunguza, Bi Mize anapotea. Nkampigia simu Bi Rukia.

"Jua liko wapi?"

"Mbele yangu."

"Na wewe uko wapi?"

"Pwani."

"Umevaa viatu?"

Nkaviangalia viatu vyangu.

"Ingia baharini," kasema. "Uwapite. Simama upande wa kina, utazame nchi. Jua likukae kisogoni, liwaangalie wao."

Hapo mtu anaweza kusema, sasa si ningeingia palepale. Nliingia. Lakini mpaka nkajishauri nkavua viatu, maji yalikwisha kauka zamani, jua liko juu ya utosi, mwanga unashuka wima kama mvua, macho ya Bi Mize yamo ndani ya mashimo mawili meusi na mgongo wa ndege unapepesa wote. Na jengine, hili mlitie akilini nyinyi wa Mjini: siku za bamvua, pale bahari inapojaa na kutoka sana, maji yanakauka katikati ya asubuhi, na kila siku yanachelewa zaidi ya jana. Nyinyi mtafikiri kesho ntakuja saa ileile. Kesho saa ileile bado maji yapo kifuani. Ukisubiri yakauke, jua limeshapanda. Kila siku iliyopita, mwanga mzuri na maji makavu vilikuwa vinazidi kuachana, na Ijumaa ndiyo ilikuwa imebaki.

"Basi usisubiri yakauke," Bi Rukia kasema usiku nlipomweleza. "Yangeyange hasubiri. Anakula pale maji yanapotoka, si yalipokwisha toka. Wewe uwe ndani kabla yake."

"Maji yatakuwa kiunoni. Na kamera?"

"Kichwani."

"Ikianguka?"

"Anguka nayo."

Ijumaa asubuhi nliingia kwenye maji mwanamke wa mwanzo, nimejifunga kanga kuukuu ya Bi Mize kwa kuwa nguo yangu nyekundu Mkaguzi haipendi, viatu vya plastiki kwa ajili ya miba ya urumbu, wale wadudu wa chini ya maji, na kamera ndani ya dishi, dishi juu ya kichwa. Nkazivuka kamba zote za mwani, nazihisi zinanigusa mapaja, mpaka nkafika nyuma ya kamba ya mwisho. Nkageuka nkatazama nchi.

Sijapata kuiona Uroa hivyo. Jua lilikuwa limenikaa kisogoni kama mkono wa mtu, na kila lilichokigusa mbele yangu kilikuwa na rangi yake: minazi, mabati, ngalawa zilizopandishwa, maji ya kijani juu ya mwani. Hakuna kilichokuwa kivuli. Nlikuwa nimesimama upande wa makosa siku zote zile.

Nkasubiri. Mie kusubiri siwezi, Bi Rukia atakuambieni. Maji yakashuka kiunoni, yakashuka mapajani. Wanawake wakaingia. Bi Mize kaja kwenye kamba zake, kainama. Mkaguzi katua mbali kidogo, nkaona ndiye, nkapiga hatua mbili kubwa kumfuata. Karuka. Kafika huko kwenye mikoko, kawa doa.

Bi Time ndiye aliyesema. "Kaenda kuandika ripoti."

Nlikaribia kulia, wallahi. Bi Mize kaendelea kufunga mwani wake, halafu bila kunitazama kasema, "Kaa kitako."

"Ndani ya maji?"

"Mie nimekaa ndani ya maji ujana wangu wote. Kaa kitako, mwanangu. Ukiwa mrefu ni mtu, ukiwa mfupi ni mmoja wetu."

Nkakaa. Maji yakanifika kifuani, dishi likaelea mbele yangu nkaiegemeza kamera juu yake, nimeikumbatia kama mtoto. Sikuweza kwenda popote hata nkitaka. Nkapima povu jeupe la ukingo wa maji, nkafunga, nkasubiri, na safari hii kwa sababu sina la kufanya jengine, nlisubiri kweli.

Kaja kwa miguu. Sijui katoka wapi. Nliona kwanza maji yanatetemeka viduara karibu na Bi Mize, halafu miguu, halafu yeye. Nkamuelekezea kamera, nkapima mgongo wake, nkaongeza taratibu. Ukaanza kupepesa unyoya mmoja tu, wa juu ya bega. Nkarudi hatua moja. Ukazima.

Na hapo nkaona.

Mie nlidhani yangeyange ni mweupe. Si mweupe. Mgongoni ana manyoya marefu membamba kama nyuzi za hariri zilizochambuliwa, na kila uzi una upande wa jua na upande wa kivuli, na kivuli chenyewe ni buluu, buluu hafifu kama ile wanayotia nguo nyeupe wakisuuza. Chini ya tumbo ana kijani, kijani cha mwani kilichopanda kutoka kwenye maji kikamgusa. Shingoni ana rangi ya maziwa yaliyochemka. Na upepo ukipita, nyuzi zile zinatikisika moja moja, si pamoja. Ndani ya ndege mmoja mlikuwa na weupe chungu nzima, na mimi nimeishi kisiwa hiki umri wangu wote, nimewapita yangeyange kwenye majaa na viwanja vya mpira, sikuwahi kuona hata mmoja wao.

Na pembeni yake Bi Mize, mweusi kama Mungu alivyomuumba, hakupotea. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Jua lilikuwa linampata usoni, na maji yalikuwa yanamrudishia mwanga kutoka chini, chini ya kidevu, chini ya macho. Nliona chumvi iliyokauka kwenye mikono yake. Nliona jasho juu ya mdomo. Sikuwa nimeongeza kitu kwa ajili yake. Yule ndege alipokaa sawa, na yeye alikaa sawa.

Nlisahau kubonyeza. Kweli. Nlikaa ndani ya maji natazama, mpaka Bi Mize kasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala, "Unapiga au unasali?"

Nkabonyeza. Mkaguzi kainamisha shingo kutazama kitu chini ya kamba. Nkabonyeza tena. Halafu kaondoka kwa miguu, kama alivyokuja.

Sasa tahadhari ya mwisho ya kazi. Mkipeleka picha kusafishwa, simameni palepale kwenye mashine. Mashine nayo ina gumba la harusini. Inakuongezea mwanga bila kuulizwa, inakuunguzia ndege uliyemkalia kitako baharini. Mwambieni kijana wa mashine asiguse kitu, akwambieni sawa, na mbaki hapohapo mnamtazama mikono.

Asha kaja studio jioni ile, katoka kwenye boti. Nkamwonyesha kwenye kompyuta. Katazama sana.

"Ndege mzuri. Lakini mama kawa mweusi."

"Ndivyo alivyo, Asha."

"Nnajua alivyo, mama yangu. Lakini kuna wakwe kule, na picha itakaa sebuleni. Mng'arishe uso tu, ndege muache. Si inawezekana?"

Inawezekana. Sikudanganyeni, kompyuta inaweza, kwa dakika. Na Asha hakuwa na ubaya, kaomba alichofundishwa kila mtu hapa kuomba. Nkamwambia, kesho nnamletea mama kama ilivyo. Akitaka ang'arishwe, ntamng'arisha kabla hamjapanda boti, ahadi.

Jumamosi nlifika Uroa mizigo ishatolewa barazani, mkeka umefungwa, mabegi, ndoo ya dagaa wa kwenda nao. Gari inanguruma. Maji yalikuwa yanaanza kutoka. Bi Mize kavaa nguo za safari, kakaa juu ya begi lake. Nkampa picha, bila fremu.

Kaishika mbali, kaileta karibu. Kapitisha ukucha juu ya mgongo wa ndege, pole pole, bila kuugusa.

"Ana unyoya umevunjika hapa ubavuni," kasema. "Miaka yote hii. Sikuujua."

"Mama, na uso?" Asha kauliza. "Tukung'arishe kidogo? Anasema inawezekana."

Bi Mize hakumsikia, au hakutaka. Ukucha wake ulikwishashuka kutoka kwenye ndege, uko kwenye maji. Kainua picha mpaka karibu iguse pua.

"Fundo hili limelegea," kasema.

Kasimama. Kampa Asha picha mkononi, kavua mtandio wa safari kaufunga kiunoni, na kashuka kuelekea pwani kwa yale magoti yake.

"Mama, gari inasubiri. Mama, kamba si zako tena, ushampa Bi Time."

"Ndiyo nimpe imelegea?" kajibu, na hakugeuka.

Asha kabaki na picha. Kaitazama huku na huku. "Fundo gani? Mie naona maji tu."

"Tazama chini ya mdomo wa ndege," nkamwambia. "Pale anapotazama yeye. Shuka kidogo. Kuna kigingi, kuna kamba, na pale kamba ilipozunguka kigingi."

Katazama muda mrefu. Dereva kapiga honi. Kule baharini Bi Mize alikuwa keshaingia mpaka magotini, anakwenda moja kwa moja kwenye kamba ya tatu kama mtu anayekwenda jikoni kwake.

"Nimeliona," Asha kasema taratibu.

Kanirudishia picha, kamwambia dereva azime gari, kalikunja buibui lake mpaka magotini, na kaingia majini kumfuata mama yake.